Mila Mkononi mwa Mwenye Kutawala

Kumtawala mtu kwa kipigo ni jeuri isiyofichika, maana alama huonekana mwilini na majirani husikia. Walakini upo utawala mwingine ndani ya ndoa, wenye hila na subira, ambao huanza kwa kumfanya mtu aone haya kwa asili yake, na ukisha kutimia hauhitaji tena fimbo.

Tumfikirie binti wa Pwani aliyeolewa akapelekwa Uingereza. Mwanzoni mume hucheka tu: kanga anayojifunga nyumbani ni ushamba, Kiingereza chake kinatia aibu mbele ya wageni, na harufu ya papa anayempika inawakimbiza majirani. Maneno hayo, yakitajwa moja moja, ni mzaha wa mtu na mkewe, na mwenye kuyalalamikia huonekana mwepesi wa kununa. Lakini yakirudiwa asubuhi na jioni humfanya mke ajikague kwa jicho la msemaji, akachelea kufungua mdomo dukani, akaacha kuwapigia simu dada zake kwa kuwa nao, kaambiwa, ni washamba. Hapo ndipo mume anapoichukua pasipoti "kuihifadhi", akaishika kadi ya benki, akataka kuikagua simu kila usiku. Na mke, aliyekwisha kuamini kwamba peke yake hawezi hata kupanda basi, hudhani anatunzwa.

Ajabu ni kwamba mume huyo huyo, siku mkewe akithubutu kuuliza, hugeuka mlinzi wa mila: "Umeshakuwa Mzungu wewe, umesahau malezi!" Kisha humtajia wasia wa Mwana Kupona. Ni kweli utenzi ule wa mwaka 1858 wahimiza utii kwa mume. Lakini uliusiwa na mama mgonjwa, tena mjane, kwa binti yake mwenyewe, na mume anayeushika ili awe kadhi katika kesi yake mwenyewe, kwa rai yangu, amemdhulumu mtunzi pamoja na mke. Mila iliyokuwa ushamba Jumatatu imepataje kuwa sheria Ijumaa?

Sheria ya England na Wales iliufanya udhalimu wa namna hii kuwa jinai mwaka 2015, adhabu yake ikiweza kufika kifungo cha miaka 5, hata kama mke hakuguswa kwa kofi. Kenya nayo, kwa sheria ya mwaka huo huo, iliyahesabu mateso ya nafsi na ya mali kuwa ukatili wa nyumbani. Na kile kitisho kikubwa cha ughaibuni, "ukiondoka hapa utarudishwa kwenu kesho", aghalabu ni uongo, kwani aliyeingia Uingereza kama mke wa raia, ndoa ikavunjika kwa udhalimu, huruhusiwa kuomba ukaazi kwa jina lake mwenyewe. Taabu iko kwenye ushahidi: mahakama hutaka kuonyeshwa mwenendo uliorudiwa, kwa jumbe za simu, taarifa za benki, au kauli ya ndugu aliyeyasikia mambo yakitendeka, na ndugu huyo ndiye aliyekatiwa mawasiliano kwanza.