Mwenzetu Mwenye SS



Katika nambari hii nimeombwa kueleza habari za kazi ya hospitali kwa vijana wenye ugonjwa wa siku nyingi. Ningeweza kuanza na maneno ya waganga, lakini nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha.

Siku moja ya salongo, mvulana mmoja wa darasa la pili alikataa kwenda mtoni kuchota maji. Aliniambia: "Yaya kapita, miko nasikia mifupa inauma." Nikamtazama: hana kidonda, hana homa, na jana yake alicheza mpira. Nikasema huu ni uvivu tu. Nikamwongezea azabu: bidoni tatu za lita 20, katika jua la saa sita. Alizichota zote bila kusema neno.

Usiku ule alilia mpaka enterna nzima ikaamka. Tukamweka juu ya kinga, wawili wakamshika huku na huku, mimi nikasukuma, tukafika lopitali saa nane ya usiku. Nilibaki kumlinda muda wa siku tatu. Ndipo nilijua kwamba ana drepanositozi, ugonjwa ambao watu wengi wanauita SS. Yeye aliujua tangu utoto wake. Sisi wa enterna hatukujua hata mmoja, maana aliogopa kuchekwa. Wazee walisema kweli: aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

UGONJWA HUU NI NINI?

Ndani ya damu yetu kuna chembe nyekundu zinazobeba hewa safi na kuipeleka mwilini. Chembe ya kawaida ni ya mviringo na laini, inapita hata katika mishipa midogo kabisa. Kwa mwenye SS, chembe hizi zinakauka na kupindika kama mundu. Hapo zinakwama, kama vile mitumbwi mingi ikijibana mahali pembamba pa mto: ya nyuma haipiti, na watu wa mbele hawapati chakula. Sehemu ya mwili isiyopata damu inauma vikali. Hiyo ndiyo krizi. Tena chembe ya kawaida inaishi siku karibu 120, lakini ile iliyopindika inaishi siku 10 mpaka 20 tu. Kwa sababu hiyo mgonjwa anapungukiwa damu, na macho yake yanaweza kuwa ya manjano.

Ugonjwa huu hauambukizi. Kula naye sahani moja au kulala naye chumba kimoja hakuna hatari. Wala si ulozi. Mtoto anaurizi kwa baba na kwa mama, wote wawili. Kama baba ni AS na mama ni AS, wao wenyewe kwa kawaida ni wazima, lakini kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto SS, mbili katika nne za kuleta AS, na moja katika nne ya kuleta AA. Basi kumlaumu mama peke yake, kama inavyofanyika katika jamaa nyingi, ni kukosa hesabu.

Nasi Wakongomani tusifikiri ni jambo la wachache. Huko Kinshasa waganga walipima damu ya watoto wachanga 31,204, na matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Katika kila watoto 1,000, karibu 14 walikuwa SS na karibu 169 walikuwa AS. Mkihesabu wanafunzi wa darasa lenu, mtaona kwamba wenye AS wanaweza kuwa kati yenu bila ninyi kujua.

Kipimo kile cha haraka kinachoitwa Emmel kinaonyesha tu kwamba damu inapindika. Hakitofautishi AS na SS. Kwa kujua sawasawa lazima kipimo cha elektroforezi au kingine cha namna hiyo.

DAWA IKO?

Mgonjwa wa kwanza aliyeandikwa katika vitabu vya waganga alikuwa mwanafunzi kama sisi. Jina lake Walter Clement Noel, kijana wa kisiwa cha Grenada aliyesomea kazi ya meno huko Chicago, Marekani. Muganga James Herrick alitoa habari za damu yake mwaka 1910. Noel alimaliza masomo yake mwaka 1907, akarudi kwao, akafanya kazi yake ya meno mpaka alipokufa mwaka 1916. Wakati ule hapakuwa na dawa ya ugonjwa wake, lakini masomo aliyamaliza.

Leo hali ni nyingine. Mgonjwa anapewa asidi foliki, anakingwa na malaria, anapata chanjo, anakunywa maji mengi. Kuna tena dawa inayoitwa idroksiurea. Ilijaribiwa kwa watoto 606 katika inchi nne za Afrika: Angola, Kenya, Uganda na inchi yetu Kongo, ambako kazi ilifanyika katika hospitali ya Monkole, Kinshasa. Matokeo yalitoka mwishoni mwa mwaka 2018: krizi zilipungua, malaria ilipungua, kuongezewa damu kulipungua, na vifo pia vilipungua. Dawa hiyo haimezwi ovyo. Muganga lazima aiandike na kupima damu mara kwa mara.

KAZI YA HOSPITALI KWA VIJANA

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Siku zile tatu niliona kitu ambacho sikukitazamia. Seromu na dawa za maumivu zilimtuliza rafiki yetu. Lakini siku ya pili mama mmoja muganga alileta kiti, akaketi, wala hakuwa na sindano mkononi. Akamwuliza: "Mwanangu, kule masomo unaishi namna gani?" Yule kijana akanyamaza kwanza. Halafu akasema mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Kwamba anaacha kunywa maji jioni kwa sababu ya haya, maana akinywa anatoka mara nyingi usiku, na mara mbili alilowesha kitanda. Kwamba yeye ni mdogo kwa umbo kuliko wenzake, nao wanamwita "mtoto wa primeri". Kwamba dawa zake anazificha chini ya godoro, na siku zingine hazimezi ili asionekane.

Mimi nilisikia yote. Kumbe kucheka kwetu ndiko kulikomnyima maji, na kukosa maji ni moja ya sababu za krizi! Mama muganga akaeleza kwamba figo za mwenye SS haziwezi kubana maji kama za wengine, ndiyo maana mkojo unakuwa mwingi. Si uvivu, si uchafu.

Katika hospitali nyingine duniani mazungumzo ya namna hii ni kazi yenyewe, na wako watu waliowekwa kwa ajili yake. Huko Uingereza baadhi ya hospitali zinaajiri wafanyakazi wa vijana ambao hawapigi sindano wala hawaandiki dawa. Kazi yao ni kuketi na kijana, kumsikiliza, na kumzoeza kusema mwenyewe mbele ya muganga. Maana mtoto akiwa mdogo, mama yake ndiye anayejibu kila swali. Akifika miaka 18 anatumwa upande wa watu wazima, na pale anaulizwa yeye. Asipozoezwa, anapotea: anaacha kwenda, anaacha dawa.

Afrika pia imeanza. Huko Harare, Zimbabwe, mwaka 2004 kikundi cha vijana wenye virusi vya UKIMWI kilianza kukutana ili kusaidiana; kazi hiyo inaitwa Zvandiri. Baadaye vijana wa miaka 18 mpaka 24, wenye virusi wao wenyewe, walifundishwa kuwatembelea wadogo wao nyumbani na kuwasaidia kushika dawa. Huko Kenya vijana wa namna hiyo wana shabaha tatu za "sifuri": kutokosa siku ya kliniki, kutokosa dawa, na virusi visionekane katika damu. Kwa ugonjwa wa sukari pia, tangu mwaka 2009 kuna mpango uliogusa Kongo, Uganda, Tanzania na inchi nyingine, unaowapa watoto na vijana insulini bure pamoja na mafundisho.

Magonjwa ni mbalimbali, lakini somo ni moja. Dawa inamezwa kwa dakika moja. Saa zingine zote za siku kijana anaishi kati ya wenzake. Wenzake wakimcheka, ataficha dawa. Wakimsaidia, ataimeza. Kwa hiyo kazi ya hospitali haiishi mlangoni mwa hospitali. Inafika mpaka enterna, mpaka mtoni, mpaka darasani. Na huko waganga hawapo. Tuko sisi.

TUFANYE NINI?

Kwa ruhusa ya wakubwa wa masomo ninatoa shauri hizi:

1. Mwenye ugonjwa wa siku nyingi aruhusiwe kuwa na chupa ya maji darasani, na kutoka nje bila kuulizwa mbele ya watu.

2. Asiachwe bila salongo, maana yeye si mtu wa kuhurumiwa tu. Apewe kazi isiyomtia katika baridi ya alfajiri, mvua au jua kali: kutunza vitabu, kuandika majina, kupiga kengele.

3. Akilala lopitali, wanafunzi wawili wa darasa lake wamwandikie masomo na kumpelekea. Krizi ya juma moja isimpotezee mwaka mzima.

4. Wanaomtembelea wasijae chumbani kama kwenye matanga. Wawili watatu wanatosha. Wasilete habari za ulozi. Wamwulize anataka kuzungumza nini, hata kama ni mpira tu.

5. Mwalimu mmoja na kapita mmoja wajue ugonjwa wake, kama yeye mwenyewe amekubali. Wengine wasiambiwe. Siri ya mgonjwa ni mali yake.

Tena sisi makapita tushike alama za hatari. Mwenye SS akipata homa kali, akiumwa kifua na kupumua kwa shida, akilegea upande mmoja wa mwili au kushindwa kusema, akipauka gafula, au tumbo likivimba upande wa kushoto, tusingoje asubuhi. Wavulana wengine wanapata maumivu ya sehemu za siri, wanaona haya kusema. Hayo yakiendelea kwa saa nyingi ni hatari vilevile. Tumpeleke mara moja.

KWA KUMALIZA

Yule ndugu yetu amerudi darasani. Amenipa ruhusa ya kuandika habari hii bila jina lake, naye ameisoma kabla ya kupigwa mashine. Siku ile niliporudi kwake kuomba msamaha alicheka, akasema: "Yaya, weye ulibeba bidoni ya nne, ni miye!" Kweli nilimbeba. Lakini afazali ningembebea zile tatu za kwanza.

Mimi ni finalisti, mwaka huu natoka. Atakayechukua ukapita baada yangu, namwachia neno hili moja: mwanafunzi akikuambia kwamba anaumwa nawe huoni kidonda, mwulize swali la pili kabla ya kutoa azabu. Mimi sikuliuliza.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita