Tiba ya Mpichi wa Manjano Huanzia Kitaluni

Katika bonde la mto Ebro, kaskazini-mashariki mwa Hispania, mpichi uliobebeshwa juu ya mizizi isiyoufaa hujulikana mapema. Majani machanga ya ncha za matawi hugeuka manjano, huku vijishipa vyake vikibaki kijani. Majani yaliyotangulia hayaathiriki sana, kwa kuwa chuma kikishaingia kwenye jani hakihami kirahisi kwenda jani jipya. Ni rahisi kudhani udongo umeishiwa chuma, lakini sivyo. Udongo wa huko umejaa chokaa, na pH ikipanda kwa namba moja tu, chuma kinachoweza kuyeyuka hupungua karibu mara 1,000. Mti una njaa juu ya ghala lililofungwa.

Ndiyo maana kuongeza chuma peke yake hakusaidii sana. Salfeti ya chuma ikitiwa kwenye udongo wa namna hiyo hugeuka upesi kuwa kitu ambacho mizizi haiwezi kukinyonya. Ipo mbolea ya keleti, ambayo chuma chake kimekingwa kikemikali, na wanaoisifu wana haki: majani hurudi kijani. Ila ni ghali, na mara nyingi hulazimu kuirudia kila mwaka, ilhali mpichi hukaa shambani miaka mingi. Kwa maoni yangu, uamuzi mkubwa ni ule wa kitaluni, wa kuchagua shina mama, yaani mche wa kutoa mizizi ambao kikonyo cha pichi kitabebeshwa juu yake.

Mfano bora ni GF 677, chotara wa mpichi na mlozi aliyetolewa na taasisi ya utafiti ya INRA ya Ufaransa. Mizizi ya mipichi ikikosa chuma hutoa asidi, kisha hukibadili chuma kiwe katika hali inayonyonyeka. GF 677 hufanya kazi hiyo kwa nguvu kuliko mipichi mingi. Nemaguard, shina mama lililoenea sana California, huwashinda minyoo fundo, yaani minyoo wadogo wanaoshambulia mizizi, lakini kwenye chokaa hugeuka manjano.

Hapa ndipo uzalishaji wa miche unapokuwa sehemu ya ustahimilivu wenyewe. Nemaguard hupandwa kwa mbegu, tena kwa gharama ndogo. Lakini mbegu ya chotara kama GF 677 haimrudii mzazi wake: ukipanda kokwa za GF 677 utapata miche mchanganyiko, mingine ikistahimili, mingine isistahimili. Lazima izalishwe kutokana na sehemu ya mti wenyewe. Vipandikizi vyake, hata vikichovywa kwenye homoni, huota mizizi kwa taabu, hivyo vitalu vingi vikahamia miche ya tishu, inayokuzwa maabara. Mche wa tishu ni ghali, ni kweli, lakini gharama hiyo hulipwa mara moja.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba GF 677 ina udhaifu wake: minyoo fundo huishambulia, na maji yakituama mizizi hufa. Hilo ni sahihi, na Wahispania walilijibu kwa kutoa Garnem kule Zaragoza, chotara mwingine wa mlozi na mpichi, anayestahimili minyoo hao na kuota kwa vipandikizi kwa urahisi zaidi. Kwa mkulima wa Lushoto au Njombe, nchini Tanzania, hesabu ni nyingine kabisa. Udongo wa milima hiyo kwa kawaida ni wa asidi, na huko fosforasi ndiyo hukwama ardhini kabla ya chuma. Akiagiza GF 677 kwa sifa zake za Ebro, atakuwa amelipia nguvu ambayo shamba lake halina haja nayo.