MBU WA BAGAMOYO: TUJUE NINI, TUULIZE NINI?



Habari ya mbu "wa kutengenezwa" imeshafika mitaani kwetu, Likoni, Kisauni na Changamwe. Mmoja asema hao ni mbu wa kutuletea maradhi. Mwingine asema ni dawa mpya, na hivi karibuni tutazitupa neti. Wote wawili hawajapata habari kamili. Katika ukurasa huu twataka kueleza kazi hii kwa lugha nyepesi, ili kikundi kikikaa kizungumze jambo kinalolijua.

Kwa nini mbu?

Malaria bado yaua. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2023 watu kama 597,000 walikufa kwa malaria. Katika kila 100 waliokufa, 95 walikuwa wa Afrika, na wengi wao ni watoto wa chini ya miaka 5. Neti zimeokoa watu wengi mno. Lakini sehemu nyingi mbu wameanza kuizoea dawa inayotiwa kwenye neti, na katika baadhi ya nchi za Afrika Mashariki vijidudu vya malaria navyo vimeanza kuzizoea dawa tunazomeza. Ndiyo sababu wataalamu watafuta njia nyingine.

Maabara iko wapi, na ni ya nani?

Iko Bagamoyo, Tanzania, katika mwambao huu huu wetu, kaskazini ya Dar es Salaam. Ni ya Taasisi ya Afya ya Ifakara, na kazi yafanywa kwa ushirikiano na Imperial College ya London pamoja na taasisi nyingine za Tanzania na Uswisi. Gates Foundation ni miongoni mwa wafadhili.

Ushirikiano wa namna hii si mgeni Pwani. Jirani zetu wa Kilifi wana kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust tangu mwaka 1989. Kilifi na Bagamoyo zote mbili zilikuwa katika majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo R21, ambayo WHO iliipitisha Oktoba 2023. Jipya la Bagamoyo ni kwamba mbu wenyewe wamebadilishwa hapa Afrika, na wataalamu Waafrika ni miongoni mwa wanaoiongoza kazi.

Wanabadilisha nini ndani ya mbu?

Tuchukue mfano wa leso. Leso ina jina lake, yaani maandishi yake. Ukibadilisha neno moja tu, leso ni ile ile, rangi ni zile zile, lakini ujumbe umekuwa mwingine. Kila kiumbe nacho kina "maandishi" ndani ya mwili wake, nayo huitwa vinasaba, au jeni. Ndiyo yanayomfanya mtoto afanane na wazazi wake. Siku hizi wataalamu wana kifaa kiitwacho CRISPR, kinachofanya kazi kama mkasi wenye macho: chatafuta neno fulani katika maandishi hayo, chakata hapo hapo, kisha neno jipya latiwa.

Neno walilomtia mbu ni la kumfanya atoe vitu viwili tumboni mwake anaponyonya damu. Kimoja asili yake ni sumu ya nyuki. Cha pili asili yake ni ngozi ya chura. Vitu hivi vyazuia vijidudu vya malaria visikue upesi, na pia vyapunguza umri wa mbu.

Kwa nini kuchelewa tu kwatosha? Mbu jike akinyonya damu ya mgonjwa, hawezi kumwambukiza mtu mwingine siku ile ile. Vijidudu huhitaji kama siku 10 mpaka 14 kukua ndani yake. Mbu wengi hufa kabla ya siku hizo kutimia. Kwa hiyo vijidudu vikicheleweshwa kidogo tu, mbu anakufa navyo.

Kazi hii ilianza kwenye maabara ya London, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2022. Lakini kulikuwa na swali: je, mbu hao wataweza kuvizuia vijidudu vya huku kwetu, vinavyotoka kwa wagonjwa wenyewe? Ndipo mbu wakatengenezwa Bagamoyo na kujaribiwa kwa vijidudu vilivyotoka kwenye damu ya watoto wa Tanzania walioambukizwa. Matokeo yalitangazwa Desemba 2025: mbu wale walivizuia vijidudu vizuri.

Je, wameachiliwa?

Hapana. Tunapoandika, mbu wa Bagamoyo wako ndani ya jengo maalum lenye milango na vyandarua vya kuwazuia wasitoke. Kwa hivyo mbu aliyekuuma jana usiku Mtongwe au Mikindani si wao. Ni wale wale wa siku zote.

Jambo zito liko hapa

Kwa kawaida, mzazi mmoja akiwa na neno fulani katika vinasaba vyake, kama nusu ya watoto hulirithi. Ukiachilia mbu wachache wenye neno jipya katikati ya mamilioni, neno hilo lapotea. Kwa hiyo wataalamu wamebuni njia ya kulifanya lirithiwe na karibu watoto wote, kizazi baada ya kizazi, mpaka lienee kwa mbu wa nchi nzima. Mbu wa Bagamoyo wameandaliwa kwa njia hiyo, lakini sehemu moja imetengwa makusudi ili neno lisiweze kuenea lenyewe.

Siku moja watu wakiamua kuziunganisha sehemu hizo na kuwaachilia mbu, hapo ndipo penye uzito. Mbu hana pasipoti. Hasimami Lungalunga kugongwa muhuri. Kijiji kimoja kikikubali, jirani naye yamhusu. Na mabadiliko yakishaenea, kuyarudisha ni kazi ngumu sana. Wazee walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Basi maswali yaulizwe maji yakiwa bado mtungini.

Tujifunze kwa wenzetu wa Burkina Faso. Mwaka 2019, katika kijiji cha Bana, mradi mwingine uliachilia mbu madume waliofanywa tasa. Hao hawakuwa na ile njia ya kueneza neno. Agosti 2025 mradi huo uliachilia mbu tena mahali pengine nchini humo, na siku chache baadaye serikali ikasimamisha shughuli zake zote. Wenye mradi walisema sheria zilifuatwa. Waliopinga walisema hatari ni kubwa na wananchi hawakusikilizwa vya kutosha. Sisi hatuwaamulii kesi yao. Twaona jambo moja tu: kazi ya miaka mingi yaweza kukwama watu wasipoelewana.

Hapa Kenya tuna Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka 2009. Mtu hawezi kuachilia kiumbe kilichobadilishwa vinasaba bila idhini ya mamlaka inayohusika. Katiba ya 2010 nayo, kifungu cha 35, yampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa hiyo kikundi kikiuliza si ukaidi. Ni haki yake.

Neti zisitupwe

Mbu wa Bagamoyo ni wa aina moja tu, Anofelesi, wale wa malaria. Anofelesi huyu hupenda kuzaa kwenye madimbwi ya mvua yanayopigwa jua. Mbu wa dengue na chikungunya ni wengine; hao huzaa kwenye mitungi, matangi yasiyofunikwa na magurudumu ya zamani, na huuma mchana. Mombasa tuliipata chikungunya mwaka 2017 na 2018, na tunakumbuka viungo vilivyouma. Kuna na mbu wa mitaroni na vyooni wanaotukosesha usingizi. Hata kazi ya Bagamoyo ikifaulu kabisa, hao watabaki.

Kwa hiyo tuendelee na tunayoyaweza:

1. Kila mtu alale ndani ya neti, kwanza watoto na mama wajawazito. Neti iliyotoboka ishonwe.
2. Madimbwi yafukiwe, matangi na mitungi ifunikwe, magurudumu yatolewe uani.
3. Mtoto akishikwa na homa apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo. Tusikisie, na tusinunue dawa nusu dozi.
4. Dawa imalizwe yote hata kama homa imeshuka.

Maswali ya kuzungumza kikundini

Siku moja mtafiti yeyote akija na jambo la namna hii, mwenyekiti asikimbilie kutia sahihi. Kwanza aulizwe:

- Ni kiumbe gani, na kimebadilishwa nini?
- Kitabaki mahali pamoja au kitaenea? Kikienda vibaya, kitazuiwa vipi?
- Nani ametoa idhini, na barua yake iko wapi?
- Nani alipa gharama, na nani atafaidika?
- Je, mitaa jirani imeulizwa?
- Asiyetaka kushiriki, atalindwa vipi?

Katibu ayaandike majibu katika kitabu cha kikundi, pamoja na tarehe na jina la aliyejibu. Mtafiti mwenye nia njema hatachukia kuulizwa. Atakaa chini, ajibu, na kama hana jibu atasema.