Kosa la Kupanga Herufi kama Ushahidi: Stempu za Zanzibar za Mwaka 1895

Mwezi Novemba 1895 Uingereza ilichukua huduma za posta za Zanzibar zilizokuwa chini ya posta ya India. Stempu mpya zikiwa bado hazijatengenezwa, zilitumika zile za India zenye sura ya Malkia Victoria, zikiwa zimeongezwa neno "Zanzibar". Stempu zenyewe zilikuwa kazi ya kampuni ya De La Rue ya London. Neno lilichapwa Zanzibar, katika ofisi ya gazeti la Zanzibar Gazette, kwa herufi za chapa zilizopangwa. Hatua hii ya pili ndiyo iliyozaa tofauti zinazojadiliwa hapa. Wino ulikuwa wa buluu kwanza, kisha mweusi. Baadhi ya stempu zinasomeka "Zanzidar", nyingine "Zanibar".

Si kila tofauti ina uzito sawa. Herufi iliyopangwa vibaya hujirudia mahali pale pale katika kila karatasi, hadi mpangaji aigundue na kuirekebisha. Kwa hiyo inaonyesha mpangilio wa chapa na mfuatano wa uchapaji. Wino hafifu ni tukio la mara moja tu, hata kama wakusanyaji huulipia.

Ugumu mkubwa ni stempu za kughushi. Tangu 1875 posta ya India ilikuwa imeuza Zanzibar stempu zisizo na neno hilo, nazo zilipigwa muhuri wa hapo hapo. Anayeipata mojawapo ana karatasi halali, rangi halali na muhuri halali. Kilichobaki ni kuchapa neno, na bila shaka atachagua "Zanzidar". Tarehe ya muhuri, ikisomeka, inaweza kumuumbua. Vilevile, katika stempu halali wino wa muhuri uko juu ya neno, si chini yake, ingawa wino mweusi juu ya mweusi ni vigumu kuutenganisha hata kwa hadubini.

Kwa sababu hiyo, kipimo kinachoaminika zaidi ni stempu ambazo hazijatenganishwa. Humo kosa huonekana pamoja na majirani zake, na nafasi yake katika karatasi hubainika. Inasikitisha kwamba vipande vya namna hiyo vilichanwa mara nyingi ili stempu yenye kosa iuzwe peke yake.