Japani: Katuni za visanduku vinne zawafungulia wageni mlango wa michezo ya video

Kuingia katika ulimwengu wa mchezo wa video kuna gharama. Mashine ya Famicom ya kampuni ya Nintendo iliuzwa yeni 14,800 ilipotoka nchini Japani mwaka 1983, bila kuhesabu bei ya mchezo wenyewe. Mchezo wa Dragon Quest, uliotoka kwa mashine hiyo mwezi Mei 1986, pia ulidai saa nyingi mbele ya televisheni.

Mwaka 1990, kampuni ya Enix, wenye mchezo huo, ilianza kutoa vitabu vya manga vilivyofungua njia nyingine. Kitabu kimoja kiliwakusanya wachoraji wengi, kila mmoja na kurasa zake chache na mzaha wake. Kila kisa kina visanduku vinne: cha kwanza kinaanzisha jambo, cha pili kinaliendeleza, cha tatu kinaligeuza ghafla, na cha nne kinalifunga, mara nyingi kwa kicheko.

Ufupi huo ndio unaomvuta mgeni. Anaweza kufungua ukurasa wowote, akasoma kisa kizima kwa muda mfupi. Tena, mgeni huona mambo ambayo mchezaji ameyazoea. Katika Dragon Quest, shujaa huingia nyumba za watu, hupekua makabati na kuchukua anachokikuta, na mwenye nyumba hasemi neno. Asiyecheza hujiuliza: huyu ni shujaa ao ni mwizi? Mizaha ya aina hii haihitaji maelezo.

Hata hivyo, si kila kisa kinamfikia mgeni. Utani unaotegemea jina la uchawi fulani ao vita fulani humpita. Na vitabu hivi havisimulii safari yote ya shujaa. Anayetaka hadithi ndefu hutafuta manga kama Dragon Quest: Dai no Daibōken ya Riku Sanjo na Koji Inada, iliyoanza mwaka 1989 na kutafsiriwa pia kwa Kifaransa.

Vitabu hivyo viliwapokea wageni wa upande wa kalamu pia. Ami Shibata na Hiroyuki Etō walichora visa vifupi vya Dragon Quest, kisha kila mmoja akapata manga yake katika gazeti la Shōnen Gangan, ambalo Enix ilianzisha mwaka 1991. Mahōjin Guru Guru ya Etō, iliyoanza mwaka 1992, inacheka desturi zilezile za michezo ya mashujaa na wachawi.

Enix ilitoa hata vitabu vya visa vilivyotumwa na wasomaji wenyewe. Aliyeanza kama mgeni asiyejua mchezo aliweza kuchukua karatasi, akachora visanduku vyake vinne, na kuvituma.