Uongo wa 1903 Bado Unasambazwa

Mjadala huanza vizuri. Mmoja anaweka picha ya mtaa uliobomolewa Gaza, mwingine anauliza Umoja wa Mataifa unafanya nini, wa tatu anakumbusha kura ya turufu ya Marekani. Ni maswali halali, na yanastahili majibu. Kisha anajitokeza mtu anayeandika kwamba tunajisumbua bure, kwani Wayahudi ndio wanaomiliki benki, vyombo vya habari na serikali zote. Wengine wanaitikia. Kuanzia hapo Gaza imeshasahaulika; kinachojadiliwa ni ubaya wa kuzaliwa wa watu fulani.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Lakini uongo huu umetembea zaidi ya miaka 120. Mwaka 1903, gazeti la Znamya la St Petersburg, Urusi, lilichapisha maandishi yaliyodaiwa kuwa kumbukumbu za kikao cha siri cha wakuu wa Wayahudi waliopanga kuitawala dunia. Baadaye yakajulikana kama Itifaki za Wazee wa Sayuni. Kikao hicho hakikuwahi kufanyika. Agosti 1921, Philip Graves wa gazeti la The Times la London alionyesha kuwa sehemu kubwa ilinakiliwa kutoka kitabu cha Mfaransa Maurice Joly cha mwaka 1864. Joly alikuwa akimshambulia mtawala wa nchi yake, Napoleon wa Tatu, wala hakuandika habari za njama ya Wayahudi. Mghushi aliyachukua maneno hayo akawabandika Wayahudi.

Ukweli ulipofichuka, madhara yalikuwa yameanza. Nchini Marekani, gazeti la tajiri wa magari Henry Ford lilieneza uzushi huo tangu 1920. Aliomba radhi mwaka 1927. Adolf Hitler aliendelea kuutumia, na utawala wake ukaua Wayahudi wapatao milioni 6. Mkataba wa Hamas wa 1988 ulizitaja Itifaki hizo kana kwamba ni ushahidi. Oktoba 2018, mtu mmoja aliandika mtandaoni kwamba shirika la Kiyahudi linaleta wavamizi wa kuwaua watu wake, kisha akaingia katika sinagogi mjini Pittsburgh na kuua watu 11.

Tumjibuje basi anayeusambaza? Tusianze kwa matusi. Tumwombe ataje mtu, uamuzi na tarehe: “Kaka, nani aliamua, na aliamua lini?” Hata mahakama hufanya hivyo: Novemba 2024, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati za kuwakamata Waziri Mkuu wa Israeli Benjamin Netanyahu na aliyekuwa Waziri wa Ulinzi Yoav Gallant, pamoja na Mohammed Deif wa Hamas. Kila hati ilihusu mtu na matendo anayotuhumiwa kuyatenda. Hakuna iliyoshtaki dini wala ukoo.

Tumuulize pia anawazungumzia Wayahudi gani. Karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, wakulima walioishika dini hiyo tangu siku za Semei Kakungulu, mwaka 1919. Idi Amin aliwapiga marufuku kuabudu. Hawana kura katika baraza la mawaziri la Israeli. Na ndani ya Israeli kwenyewe, shirika la haki za binadamu la B'Tselem lilitamka Julai 2025 kwamba nchi yao inatenda mauaji ya kimbari Gaza. Anayewatukana Wayahudi wote anawatukana na hawa.

Haki ya kumhukumu kila mtu kwa matendo yake ina upande wa pili. Anayelaani mabomu au makazi ya walowezi katika Ukingo wa Magharibi hajawachukia Wayahudi, na kumbandika chuki ili anyamaze ni dhuluma. Vilevile, kumwita kila Mpalestina gaidi ni kosa lile lile la kuhukumu watu kwa asili yao.

Kwa hiyo anayeitetea Palestina ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuukataa uzushi wa Itifaki. Ukisema dunia inaendeshwa na mkono wa siri wa Wayahudi, umewaondolea lawama waliotoa amri, waliouza silaha na waliopiga kura ya turufu. Hao wana majina na vyeo, na wanaweza kuulizwa. Wafu wa Gaza, na waliouawa Israeli tarehe 7 Oktoba 2023, wanastahili mashtaka ya kweli dhidi ya waliohusika kweli.