Fahamu: Mswada wa Uingereza Juu ya Hiari ya Kufa

Tarehe 20 Juni 2025, Baraza la Makabwela la Uingereza liliupitisha, kwa kura 314 dhidi ya 291, mswada wa mbunge Bibi Kim Leadbeater, ambao ungemruhusu mtu mzima wa England au Wales, aliyekadiriwa na matabibu kuwa hatapita miezi 6, naye ana akili timamu, kuomba dawa ya kukatisha uhai wake. Na dawa hiyo, baada ya matabibu 2 na jopo la mwanasheria, tabibu wa maradhi ya akili na mtumishi wa ustawi wa jamii kuridhia, angejipa mwenyewe, wala si kupewa kwa mkono wa tabibu.

Sheria ya huko ya 1961 humtishia amsaidiaye mwenziwe kujiua kifungo cha hadi miaka 14. Ndipo wenye uwezo husafiri hadi Uswisi, ambako msaada huo huruhusiwa, na fukara, kama ilivyo ada ya dunia, hubaki na maumivu yake.

Wapinzani huhofia zaidi shuruti ya siri: mzee ajionaye mzigo kwa wanawe aweza kutia sahihi kwa haya, na jopo lisitambue. Hoja hii naiona nzito kuliko zote, maana ni hiari gani iliyo kamili ilhali nyumba za kuwatuliza wenye maradhi yasiyopona, ambazo zingempa mzee huyo njia nyingine, mfano wa ile aliyoiasisi Cicely Saunders London mwaka 1967, hata leo hutegemea sana sadaka za watu?